Kumsikiliza Mtoto Anaposoma: Ushauri kwa Wazazi na Walimu wa Darasa la Kwanza

Tangu mwaka 2015, mtaala wa darasa la kwanza na la pili ulipoelekezwa kwenye Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, wazazi wa hapa Ngamiani, Tanga, wamezidi kuniuliza kama watoto wao wanajua kusoma. Alama za mwisho wa muhula hazilijibu swali hilo vizuri, kwa kuwa mtoto anaweza kupata alama za juu kwa kukariri aya ambayo darasa zima limeiimba kwa wiki nzima. Watoto wetu wengi huhudhuria pia chuoni, yaani madrasa, ambako huzoezwa kuhifadhi kwa ghibu. Uwezo huo ni neema, ila humwachia mwalimu kazi ya kutenganisha kilichosomwa na kilichokumbukwa.

Kwa hiyo ninashauri mtoto apimwe kwa maandishi ambayo hajawahi kuyaona, akiwa peke yake, mbali na masikio ya wenzake. Walimu wa chuoni wametutangulia katika hili, kwani humsikiliza mwanafunzi mmoja mmoja kabla ya kumvusha. Katika maandishi hayo ya kupimia, mimi huchanganya maneno yasiyo na maana, kama “fudeki” na “mbolisa”, kwa sababu hayakisiki. Kiswahili huandikwa karibu kama kinavyotamkwa, hivyo anayezijua silabi atayasoma hata kama hayajui, ilhali anayeona “mbuyu” akatamka “mbuzi” ameitazama silabi ya mwanzo na kubahatisha iliyobaki.

Liandike kosa lenyewe, usiishie kuweka alama ya mkasi. Mtoto anayesoma “mutu” badala ya “mtu”, anayechanganya “ng” ya “ngoma” na “ng'” ya “ng'ombe”, na anayekwama kwenye “nywele” wana mahitaji matatu tofauti, na kuwarudisha wote kwenye a, e, i, o, u ni kuwapotezea muda.

Kasi nayo ina maana, kwa kuwa anayesoma kwa kujikokota hufika mwisho wa sentensi akiwa amekwisha kusahau mwanzo wake. Hata hivyo, sishauri kuchukua viwango vya maneno kwa dakika vilivyowekwa kwa Kiingereza, maana neno letu moja, kama “hawakumwambia”, hubeba mtenda, mtendwa, wakati na ukanushi kwa pamoja.

Kipengele ninachokithamini kuliko vyote ni ufahamu, na ndicho kinachorukwa mara nyingi nyumbani, pengine kwa sababu sauti ya mtoto anayesoma bila kukwama hutupumbaza. Mpe sentensi kama hizi: “Shangazi alikwenda Muheza kununua machungwa. Alirudi jioni akiwa na kikapu kichwani, akihema.” Ukimuuliza shangazi alikwenda wapi, ataokota jibu katika maandishi. Muulize kwa nini alihema. Hapo atalazimika kuunganisha machungwa, kikapu na uzito ambao haukutajwa popote. Akishindwa, msomee wewe sentensi hizo kisha umuulize tena. Akijibu sawasawa baada ya kusikia, lugha anayo, na tatizo liko kwenye usomaji wenyewe.

Kabla ya kumwita mtoto mzito, hakikisheni macho na masikio yake yamepimwa. Anayekosea kila neno ubaoni lakini akasoma vyema kitabuni asogezwe dawati la mbele siku hiyo hiyo, huku mzazi akipanga safari ya hospitali.