Kufuli lilikuwa limefungwa, na wezi wakaingia

SWALI: Ndugu Mhariri, assalamu alaykum. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Mikanjuni hapa Tanga, na mume wangu husafiri kikazi kwa majuma kadhaa. Mwezi uliopita wezi waliingia kwa mlango wa uani tukiwa tumelala, wakachukua simu mbili, mtungi wa gesi na cherehani ninayoshonea nguo za watu. Asubuhi nilikuta kufuli limefungwa vilevile, ila komeo zima limeng'oka na kuning'inia pamoja nalo. Fundi ananishauri ninunue kufuli kubwa zaidi, na jirani anasema niweke mlango wa nondo. Nifuate lipi?

JIBU: Waalaykum salaam, dada yangu, na pole sana, hasa kwa cherehani, maana kwa mshonaji hiyo ndiyo riziki yenyewe. Fedha ya kufuli kubwa iweke kwanza. Kufuli lako lilifanya kazi yake. Kilichoachia ni skrubu zilizoshika komeo.

Upepo wetu wa baharini huja na chumvi, na chumvi huharakisha kutu kwenye chuma cha kawaida, hasa mahali ambapo rangi haifiki, yaani ndani ya tundu la skrubu. Mwaka jana nilifungua komeo la mlango wa uani nyumbani kwa mama yangu, Sahare. Bisibisi niliitumia kwa skrubu ya kwanza tu; tatu zilizobaki nilizitoa kwa vidole, zimeliwa na kutu hadi kuwa nyembamba kama njiti ya kibiriti, na kila tundu likamwaga unga mwekundu uliochanganyika na ubao uliooza. Kwa nje komeo lilikuwa limepakwa rangi na linapendeza.

Kwa hiyo mwambie fundi atoe skrubu zote za komeo na za tumbuu, kile kijipete kinachopokea kufuli, na badala yake atumie bolti zinazopenya ubao mzima na kukazwa kwa nati upande wa ndani, juu ya kipande cha bati nene, ili anayezivuta akiwa nje awe anavuta mlango wote. Atazame pia mwimo, kwa sababu komeo imara kwenye mwimo ulioliwa na mchwa ni kazi bure. Ikiwa mlango wako unafungukia nje, bawaba nazo ziko upande wa mwizi, na vijiti vyake huweza kugongwa vikatoka; achomelee vichwa vya vijiti hivyo. Chuma chote kipakwe rangi ya kuzuia kutu kabla ya rangi ya mapambo, na kila baada ya miezi michache jaribu skrubu moja kwa bisibisi, halafu utie kufuli matone mawili ya mafuta ya cherehani.

Madirisha nayo yasisahauliwe: usilaze simu wala mkoba karibu na dirisha lililo wazi, kwani fimbo ndefu yenye ndoano hupita katikati ya nondo bila shida.

Ukisikia mtu uani usiku, nakuomba usitoke. Washa taa, paza sauti majirani waamke, na upige 112, namba ya dharura ya polisi. Kuhusu simu zilizoibwa, toa taarifa kituoni upate namba ya RB, yaani namba ya taarifa yako katika kitabu cha polisi, kisha uombe kampuni ya simu izifunge laini. Kwa simu utakazonunua, bonyeza *#06# siku hiyohiyo na uandike namba yenye tarakimu 15 itakayotokea, kwani ndiyo inayoitambulisha simu hata laini ikibadilishwa. Mjumbe wenu naye aelezwe, na jirani unayemwamini ajue siku ambazo mume wako hayupo. Hao wawili wanatosha.

Ushauri wa jirani yako kuhusu mlango wa nondo ni mzuri, ila kwa mlango wa uani, si wa chumba wanacholala watoto. Moto ukizuka, kila nondo inayomzuia mwizi humzuia na mtoto. Ufunguo wa mlango huo uutundike ndani, mahali ambapo mkono wa mwizi hauwezi kufika kutoka nje lakini mtoto wako mkubwa anafikia, kisha umwambie aufungue gizani mbele yako, mara mbili au tatu, mpaka uone hapapasi tena.