Jibu: wazee wenye vifaa vya kusikilia hawasikii mahubiri ukumbini

Ndugu, umeuliza kama bafle mbili zaidi zitawasaidia wazee wenye vifaa vya kusikilia, katika ukumbi wenu wa parokia wa mita 8 kwa 12 hapa Goma. Hazitasaidia. Ukiongeza sauti unaongeza pia mwangwi wa manjanja ya paa, na kifaa cha sikioni kinakuza vyote: neno, mwangwi na kikohozi cha jirani. Sauti ya mikro inatakiwa imfikie mzee bila kupitia hewani.

Ndiyo kazi ya kitanzi cha waya. Kinazunguka ukumbi, ampli inakipa mkondo unaofuata sauti, na koili ndogo ndani ya kifaa inaunasa usumaku wake. Lakini kabla ya kununua hata mita moja, kagueni kifaa cha kila mzee. Vingi vidogo vya sasa havina koili hiyo, inayoitwa T. Vingine vinayo lakini fundi hakuiwasha. Wenye T wakiwa wachache, fedha ziende kwenye vipokezi vya redio vyenye hedifoni.

Wakitosha, mtahitaji mita 40 za waya wa shaba wa milimita mraba 1.5. Ukinzani wake haufiki hata nusu omu, kwa hiyo ampli ya bafle, iliyotengenezwa kwa omu 4 au 8, itauona kama shoti na inaweza kuungua. Tafuteni ampli ya kitanzi, inayodhibiti mkondo. Kiwango cha kimataifa cha vitanzi hivi, IEC 60118-4, kinataka nguvu ya usumaku ya miliampea 400 kwa mita kwenye vilele vya sauti. Kwa vipimo vyenu, mkondo unaohitajika ni kama ampea 4.2 usawa wa waya, na zaidi kidogo kwenye kichwa cha aliyeketi. Msishuke chini ya ampea 5.

Nondo za sakafu ndizo adui mkubwa. Zinameza hasa sauti nyembamba, kwa hiyo "s", "sh" na "f" zinafifia na neno halieleweki. Bandikeni waya kwa utepe kwanza, mwenye T apite safu kwa safu. Katikati pakififia, mtahitaji vitanzi vyembamba kadhaa badala ya kimoja.

Kisha zimeni mikro, asikilize tena, mara kwa umeme wa mtandao, mara kwa jenereta. Mvumo ukisikika, chanzo mara nyingi ni nyaya za umeme au taa za kupunguzwa mwanga. Gitaa la umeme la kwaya nalo hunasa kitanzi: mpigaji asimame nje yake. Waya wa kitanzi usilale sambamba na kebo ya mikro, mfumo utapiga filimbi. Mwisho bandikeni alama ya sikio na T mlangoni, na mtu mmoja akabidhiwe kuiwasha ampli kabla ya kila misa.