Jibu: Begi la mazoezi kwa kipa anayepanda bodaboda

Ndugu yangu, umeuliza uchukue begi la mgongoni au lile refu la mkononi, maana wewe ni kipa na unatoka Shangani, hapa Mtwara, kwenda mazoezini kwa boda. Chukua la mgongoni. Lile refu linamfaa mwenye gari. Kwenye boda utalipakata, upepo ukilipiga linamyumbisha dereva.

Ila kwa kipa jambo kubwa ni glavu. Kiganja cha glavu hakivumilii jua kali wala kubanwa kikiwa kibichi. Niliwahi kuzitupia begini zimelowa, juu yake njumu. Baada ya siku mbili viganja vilikuwa vimegandana, na nilipozibandua, kipande cha dole gumba kikabaki upande wa pili. Iliniuma sana. Kwa hiyo tafuta begi lenye mfuko wa wavu pembeni, glavu zipate hewa, na chumba cha viatu kilichojitenga.

Zipu iwe ya plastiki nene. Huku kwetu Mtwara chumvi ya bahari inazila za chuma upesi.

Lita 30 zinatosha. Siku za soka la ufukweni, ambalo ni pekupeku, beba mfuko wa kamba tu. Ukifika sokoni, vuta zipu mara kumi kabla hujatoa hela.