Tafuta shamba kabla ya kaburi: niliyojifunza nikisaka ukoo wa mume wangu Ayalandi

Siku ya kwanza kuingia makaburi ya zamani ya parokia ya mume wangu, kaunti ya Roscommon, nilibeba brashi ya waya na chupa ya jiki. Mawe yalikuwa meusi, yameota kuvu, na mimi nimelelewa nikijua kuwa kaburi la mzee husafishwa. Kabla sijagusa hata jiwe moja, mzee aliyekuwa akifyeka nyasi alinijia, akaniomba kwa upole nivirudishe garini. Makaburi mengi ya zamani huko yanalindwa na sheria, na jiwe la chokaa likisuguliwa kwa waya, maandishi yaliyostahimili mvua ya miaka mia mbili huondoka mchana mmoja.

Kisha akaniomba tochi ya simu. Akaishika ubavuni mwa jiwe, karibu iliguse, mwanga ukapita juu ya uso wa jiwe kama jua la magharibi linavyopita juu ya matuta. Jiwe nililodhani ni tupu likatoa herufi: jina, mwaka 1838, na chini yake jina la kitongoji, kile wanachokiita townland, yaani kipande kidogo cha ardhi chenye jina lake. Mimi nilinakili jina la mtu tu. Yeye akanigusa bega, akaniambia niandike na kitongoji, maana hicho ndicho nitakachokihitaji.

Alisema kweli, na ushauri wangu wote unatoka hapo. Ayalandi ina vitongoji zaidi ya 60,000, vingine vidogo kiasi cha kuzunguka kwa miguu kabla chai haijapoa. Jina la ukoo peke yake halikufikishi popote. Parokia moja inaweza kuwa na wanaume wanne wenye jina lile lile, wote wameoa akina Mary, wote wana mwana aitwaye Patrick. Kinachowatenganisha ni shamba.

Mimi nilipuuza hilo nikapoteza karibu mwaka mzima. Nilimpata mtu mwenye jina la babu yao kwenye orodha ya Griffith, nikafurahi, nikamjengea mti mzima wa ukoo. Orodha hiyo ilitengenezwa kati ya 1847 na 1864 ili kukadiria kodi. Inaonyesha kila aliyeshika ardhi au nyumba, ukubwa wa kipande chake, thamani yake, na aliyemkodisha, na inasomwa bure mtandaoni. Nilichokosa kuona ni neno dogo kwenye mabano baada ya jina. Majina yakigongana, waandishi walikuwa wakiongeza jina la baba au la utani. Mtu wangu alikuwa na jina la baba kwenye mabano, na baba huyo hakuwa wetu. Nilifuta majina thelathini na saba siku hiyo. Kwa hiyo nakusihi, soma mabano.

Huenda unajiuliza kwa nini tuhangaike na orodha za kodi badala ya sensa. Ni kwa sababu sensa nyingi hazipo. Za 1861 na 1871 ziliharibiwa na serikali yenyewe, za 1881 na 1891 zikasagwa wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, na sehemu kubwa ya zile za 1821 hadi 1851 iliteketea mwezi Juni 1922, jengo la kumbukumbu pale Four Courts, Dublin, lilipolipuka na kuungua katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Za kabla ya 1922 zilizosalia nzima ni za 1901 na 1911, nazo unazipata bure kwenye tovuti ya Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa. Ukizisoma, usishtuke kuona bibi aliyekuwa na miaka 57 mwaka 1901 ana 71 mwaka 1911. Pensheni ya uzeeni ilianza kulipwa Januari 1909 kwa waliofika miaka 70, wengine wakajiongezea miaka ili waipate, na wengi hawakuwa na cheti cha kuzaliwa, maana kuandikisha vizazi kwa watu wote kulianza 1864. Walioomba pensheni walitafutiwa umri kwenye sensa za 1841 na 1851 kabla hazijaungua, na fomu za utafutaji huo zimehifadhiwa. Fomu moja tu ya aina hiyo ilitupa wazazi na ndugu watano wa nyanya mmoja.

Sasa nije kwenye madaftari ya makabaila, ambayo nayapenda kuliko yote. Kwenye Griffith, tazama ile safu ya mwenye kukodisha. Jina lililopo hapo ndilo utakalolitafuta Maktaba ya Taifa mjini Dublin, au kwenye hifadhi ya nyaraka ya Belfast kwa kaunti za kaskazini. Usitafute jina la ukoo wako. Nyaraka hizi zimepangwa kwa jina la aliyedai kodi, si la aliyedaiwa. Mimi ni mjukuu wa skwota wa Bonde la Ufa, mtu aliyeishi na kufanya kazi kwenye shamba lisilo lake, na habari hiyo haikuhitaji kufafanuliwa kwangu. Asiye na ardhi huandikwa kwa sababu ana deni.

Daftari la kodi kwa kawaida linafuata mihula miwili, Mei na Novemba. Nilipofunguliwa la kwetu nilisoma mstari wa familia yetu muhula kwa muhula. Kodi, deni la nyuma, kodi, deni la nyuma. Mwaka 1846, Njaa Kuu ya viazi kuoza ikiwa imeanza, deni limekua. Mwaka 1847 jina la mume limekatwa kwa wino, limeandikwa "mjane". Muhula uliofuata msimamizi ameandika pembeni, kwa mwandiko ule ule nadhifu, kwamba nyumba imebomolewa. Niliweka penseli chini nikatoka nje kidogo.

Walioishi na bahati kidogo walikuwa na mkataba wa roho tatu, uliodumu hadi afe wa mwisho kati ya watu watatu waliotajwa ndani yake. Wapangaji wengi waliwataja watoto wao wadogo, pamoja na umri, ili mkataba uishi muda mrefu. Ukipata mmoja umepata familia.

Ukoo ukitoweka ghafla kati ya 1847 na 1850, usikimbilie kusema wamekufa. Shamba la Mahon pale Strokestown, Roscommon, liliwatoa wapangaji 1,490 mwezi Mei 1847. Walitembea hadi Dublin, wakavushwa Liverpool, wakapakiwa meli za kwenda Quebec, na wengi walifia njiani. Mwenye shamba, Denis Mahon, alipigwa risasi Novemba mwaka huo huo. Karatasi za shamba hilo zilisalia ndani ya nyumba yake, ambako leo kuna makumbusho ya Njaa Kuu. Wa kwetu walipotea hivyo hivyo upande huu wa bahari, na mimi sasa natafuta upande wa Kanada.

Kwenye vitabu vya ubatizo vya Kikatoliki, ambavyo Maktaba ya Taifa iliviweka mtandaoni bure mwaka 2015, jiandae kwa Kilatini: Jacobus ni James, Gulielmus ni William. Hapo malezi yangu ya Kikikuyu yalinifaa kweli. Kwetu mwana wa kwanza hupewa jina la babu mzaa baba, wa pili babu mzaa mama. Waayalandi wa zamani walifanya hivyo hivyo. Kwa wasichana tunatofautiana: binti wao wa kwanza alichukua jina la nyanya mzaa mama, wetu huchukua la mzaa baba. Si sheria, lakini ukipanga watoto kwa miaka yao, majina ya babu usiowajua huanza kujitokeza.

Na kaburi lenyewe? Maskini hakuchongewa jiwe. Walichomeka jiwe la shambani, lisilo na herufi. Kwa hao tochi haisaidii, ila kuna siku moja ya kiangazi, Jumapili ya makaburi, padri anapobariki makaburi yote na kila familia inasimama penye watu wake. Nenda siku hiyo, na utazame nani amesimama penye mawe matupu.

Mwaka jana nilimwona bibi mmoja wa miaka themanini na kitu amesimama peke yake kwenye kona ya ukuta wa kaskazini, mbele ya mawe matatu madogo. Nilisubiri ibada iishe, nikamsalimu, nikamuuliza waliolala pale walitoka wapi. Akanitajia kitongoji chetu.