Zawadi ya dawa: nani anabeba pesa?

SWALI: Yaya, mimi niko motari hapa Goma, napakiaga batu ku Birere. Musafiri moja aliniambia ati serikali za bazungu zinawekaga pesa mingi, mwenye kupata dawa ya ugonjwa fulani anabeba yote. Ni kweli? Na kama ni kweli, juu ya nini basiweke tu dola miliyari moja kwa malaria, mambo yaishe?

JIBU: Ni kweli mdogo wangu, ila si kwa namna moja. Marekani iko na sheria tangu 2007: kampuni ikileta dawa ya magonjwa ya kwetu huku, ikakubaliwa, inapewa kikaratasi cha kufanya dawa yake ingine ichunguzwe haraka zaidi, na hicho kikaratasi unaweza kukiuza. Sasa sikia hii. 2014 kampuni moja ya Kanada ilikipata kwa dawa ya leishmania (ugonjwa wa kidudu kinacholetwa na nzi mdogo anayeuma), ikakiuza dola milioni 125, wakati India ile dawa ilishakubaliwa tangu 2002! Na sheria haikuuliza hata kidogo mgonjwa atainunua bei gani. Mimi hapo nilicheka, kicheko cha uchungu.

Halafu zawadi inalipwa mwishoni, njo shida yake kubwa. Angalia Ebanga, dawa ya Ebola: ilitoka kwa damu ya mtu aliyepona Kikwit 1995, Profesa Muyembe, mtafiti wetu wa Kongo, na wenzake wakaifanyia kazi pamoja na Waamerika, ikajaribiwa kwetu kwenye mlipuko wa 2018, kule Beni na Butembo, ikakubaliwa Marekani Desemba 2020. Hesabu mwenyewe, miaka 25, laboratwari itakula nini muda wote huo ikingojea zawadi? Pesa ya utafiti ya serikali ndiyo iliyobeba mzigo.

Kwa hiyo miliyari yako ya malaria siikatai, ila ingegawanywa, ingine itoke mapema, na bei iandikwe kabla. Ilishafanyika kwa chanjo ya nimonia: 2009 nchi tano na shirika la Gates waliahidi dola miliyari 1.5, kampuni zikakubali bei ya mwisho isipite dola 3.50 kwa dozi moja, na Kongo ikaanza kuitumia 2011. Kama uko na mtoto mdogo angalia karte yake, ni ile ya wiki ya 6, ya 10 na ya 14.