Maswali ya Gereji: Hiace inayochemsha kwenye foleni

SWALI: Nina Hiace ya mwaka 1999, dizeli, injini aina ya 3L. Kila siku natoa mizigo Mbagala kwenda Kariakoo. Nikikwama kwenye foleni barabara ya Kilwa, sindano ya joto inapanda hadi karibu na H. Gari likishika mwendo inashuka yenyewe. Fundi alitoa themostati, halafu akaniambia ninunue rejeta. Nimenunua na bado linachemsha. Asubuhi nakuta maji yamepungua kama nusu lita, na chini hakuna hata tone. Je, ni gasketi?
Msomaji, Mbagala

JIBU: Pengine siyo gasketi (kile kizibo chembamba kati ya bloku ya injini na hedi, yaani kifuniko chake cha juu), ingawa tutaipima. Jambo kubwa umeshalisema mwenyewe: linachemsha likisimama, linapoa likitembea. Gari likitembea, upepo wa barabarani hufanya kazi ya feni. Likisimama, feni inabaki peke yake. Basi anza na feni. Ingekuwa kinyume, yaani linatulia likiwa sailensa (injini inanguruma bila kukanyaga mafuta) lakini linachemsha na mzigo kwenye mlima wa Kitonga, tungesema maji hayapiti vizuri: rejeta imeziba, mkanda unateleza, mapanga ya pampu ya maji yameliwa, au mpira wa chini wa rejeta unajibana injini ikivuta maji kwa nguvu.

Katikati ya feni yako kuna klachi yenye mafuta mazito ya silikoni. Upepo unaotoka kwenye rejeta ukiwa wa moto, springi iliyo mbele ya klachi hufungua njia ya mafuta hayo na feni inashika. Mafuta yakivuja au yakichoka, feni huzunguka kivivu, na kwa macho utadhani ni nzima. Injini ikiwa imezimwa na ni ya baridi, zungusha feni kwa mkono. Ikiendelea yenyewe mizunguko kadhaa, klachi imekufa. Rudia mara tu baada ya kuzima injini iliyopata moto: hapo lazima iwe nzito. Vumbi lenye mafuta lililoganda kuzunguka klachi nalo ni ushahidi. Silikoni huuzwa kwenye vichupa vidogo vya mililita 18, lakini kama beringi ya klachi inacheza, usipoteze pesa kujaza. Badilisha klachi nzima. Kuna mafundi wanaoifunga kwa bolti ili feni ishike muda wote. Gari litapoa, ila litakunywa mafuta zaidi, litapiga kelele, na beringi ya pampu ya maji itabeba mzigo usio wake. Hiyo ni dawa ya kukufikisha nyumbani, siyo ya kukaa nayo.

Angalia pia lile kava la plastiki linalozunguka feni. Kwenye Hiace nyingi za mjini halipo. Lilitolewa siku ya kubadilisha mkanda likasahaulika gereji. Bila kava, feni huzungusha hewa ileile ya moto badala ya kuivuta kupitia rejeta. Kama gari lina AC, kagua kondensa (ile rejeta ya AC) iliyo mbele: ikijaa tope, rejeta mpya nyuma yake haipati pumzi. Osha kwa mpira wa maji wa kawaida kutoka upande wa injini kwenda mbele. Mashine ya presha ikisogezwa karibu hulaza mapezi, vile vibati vyembamba vya kupoozea.

Themostati, yaani kile kifaa kinachofungulia maji njia ya kwenda rejeta injini ikipata moto, irudishwe. Zenye sahani mbili, ya juu hufungua njia ya kwenda rejeta na ya chini huziba njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi na sehemu ya maji haipiti kwenye rejeta kabisa. Nunua ya nyuzi 82 na uijaribu kabla ya kufunga: ining'inize kwa uzi ndani ya sufuria ya maji pamoja na kipimajoto. Ianze kufunguka kati ya nyuzi 80 na 84, na maji yakifika 95 iwe imefunguka milimita 8 au zaidi. Kitundu chenye kipini kikae juu, maana ndiko hewa inakotokea.

Sasa ile nusu lita. Kagua kwanza kifuniko cha rejeta. Namba kama 0.9 iliyoandikwa juu yake ni presha kinayozuia. Kwa presha hiyo maji huchemka karibu na nyuzi 118 badala ya 100. Mpira wake ukikauka, maji hutoka mapema na hayarudi kutoka tenki la akiba. Halafu ingia chini ya gari. Hiace nyingi zilizotoka Japani zina hita ya nyuma, na mabomba yake ya chuma yanapita chini ya sakafu hadi kwa abiria. Huoza kwa kutu, na huvuja yakiwa na presha tu, ukiwa barabarani. Ndiyo maana chini pakavu asubuhi. Hapa Dar huna haja na hita hiyo, kwa hiyo unganisha mabomba hayo yenyewe kwa yenyewe karibu na injini, maji yasiende nyuma.

Gasketi utaipima mwisho. Injini ikiwa ya baridi, fungua kifuniko, jaza maji mpaka mdomoni, washa. Mapovu machache ya mwanzo ni hewa iliyokwama. Yakiendelea bila kukoma, na kuongezeka ukikanyaga mafuta, hiyo ni gesi ya silinda. Dalili nyingine ni mpira wa juu wa rejeta kuwa mgumu asubuhi kabla hujawasha. Ikifikia kufungua hedi, soma alama ya gasketi ya zamani kabla haijatupwa: za 3L zina unene wa aina tatu, B, D na F, kulingana na pistoni zinavyochomoza juu ya bloku. Ukifunga nyembamba kuliko inavyotakiwa, pistoni inaweza kugonga hedi.

Ukimaliza, toa hewa. Egesha pua ya gari ikiwa juu, fungua hita ya mbele upande wa moto, jaza taratibu, acha injini ingurume kifuniko kikiwa wazi huku ukiminya mipira, mpaka mpira wa chini upate moto na maji yaache kushuka. Kesi nyingi za "bado linachemsha" baada ya matengenezo ni hewa tu.

SWALI: Nikitia maji ya kisima kwenye rejeta kuna ubaya? Yana chumvi kidogo tu.
Msomaji, Kigamboni

JIBU: Upo. Chumvi hula alumini ya pampu na hedi, na magadi yake huganda ndani ya mirija ya rejeta. Suuza kwa maji safi mara kadhaa, kila mara injini ipate moto kwanza ili themostati ifunguke, kisha ipoe kabla ya kumwaga. Halafu tia kulanti (dawa maalumu ya maji ya rejeta) nusu kwa nusu na maji ya betri (yale meupe, siyo asidi!) au maji ya mvua. Dar hakuna barafu, lakini kulanti ina dawa ya kutu, na dawa hiyo huisha: ile nyekundu ya Toyota ya kizamani hubadilishwa kila miaka 2 au kilomita 40,000. Ikiwa kwenye chupa imeandikwa kwamba imeshachanganywa, usiongeze maji. Na ute wa yai wa kuziba tundu huziba na mirija mizima.

SWALI: Sindano ilipanda mpaka juu, ghafla ikashuka hadi C huku mvuke unatoka. Limepoa?
Msomaji, Kimara

JIBU: Hapana, maji yamekwisha. Kihisi cha joto kimebaki kwenye hewa, hakigusi maji, kwa hiyo kinadanganya. Zima hapohapo, hata kama umebakiza mita mia kufika. Usifungue kifuniko kabla ya nusu saa kupita, na ukifungua tumia tambara zito. Usimwage maji baridi kwenye injini ya moto, hedi hupasuka. Ikipoa, washa na ujaze kidogokidogo ikiwa sailensa.