Kijana wa Kibirizi: dagaa au reli?

Shikamoo mama. Unauliza kama mwanao aliyemaliza kidato cha nne abaki kwenye uvuvi wa dagaa hapo Kibirizi, Kigoma, au asubiri ajira ya reli ya kisasa. Kusubiri, hapana. Reli ikishajengwa, vibarua wengi hurudi nyumbani. Ziwa Tanganyika nalo lilifungwa kwa uvuvi miezi 3 mwaka 2024, Mei hadi Agosti. Mwenye wavu tu atakula nini?

Ajifunze ufundi wa injini, chuo cha ufundi VETA au kwa fundi anayeaminika. Injini ya boti ikigoma, anayejua kusafisha plagi na kabureta hutafutwa kwa tochi, na bodaboda za kutengeneza nazo zipo. Dagaa asiache kabisa: mbalamwezi ikiwaka wavuvi wa taa hupumzika, basi siku hizo ashinde gereji. Na hela yake aishike mwenyewe, si mjomba.